Jeni Nzima Iliyonyamazishwa

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Analia, ananyonya, anaongezeka uzito, na akiwa kwenye foleni ya kliniki huwezi kumtofautisha na wenzake. Kisha, mara nyingi kuanzia mwezi wa sita hivi, viganja na nyayo huvimba, kilio hakitulizwi na ziwa, macho yanageuka manjano, damu inapungua. Wazazi huanza kujiuliza nini kimebadilika nyumbani: ni uji walioanza kumpa, ni chanjo, au ni jicho la mtu? Kilichobadilika kimo ndani ya uboho wa mifupa yake. Jeni iliyokuwa ikimkinga tangu tumboni mwa mama imenyamazishwa.

Haijapotea, wala haijaharibika. Mgonjwa wa miaka 30 anayelazwa leo kwa maumivu ya mifupa bado anayo, nzima kabisa, ndani ya seli za uboho wake. Kinachomnyima faida yake ni kipande kifupi cha DNA kilicho mbele tu ya jeni hiyo, kiitwacho promota, pamoja na protini zilizokalia hapo ili jeni isisomwe. Safari ya kulitambua jambo hilo imepita Uganda, London, Boston, Sydney na Dar es Salaam, na mwaka 2023 ilizaa tiba ya kwanza duniani ya kuhariri jeni kwa teknolojia ya CRISPR iliyopewa kibali cha kutumika hospitalini. Ni habari ya biolojia, lakini katika ukanda wetu huu, ambako ni vigumu kupata ukoo ambao haujaguswa na selimundu, ni habari ya nyumbani pia.

Tuanze na damu yenyewe. Himoglobini ni protini inayozipa chembe za damu rangi nyekundu na kuzibebesha oksijeni. Kila molekuli yake ina minyororo minne: miwili ya aina ya alfa, na miwili ya aina nyingine inayobadilika kulingana na umri. Mtu mzima hutumia minyororo ya beta, na himoglobini yake huitwa A. Mtoto aliye tumboni hutumia minyororo ya gama, na himoglobini yake huitwa F. Hii F hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, kwa sababu kiumbe huyo anaipata oksijeni kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma, na lazima aweze kuivuta upande wake.

Selimundu hutokana na kosa la herufi moja katika jeni ya beta, iliyoko kwenye kromosomu namba 11. Mahali palipopaswa kuwa na A pana T. Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, alionyesha kati ya mwaka 1956 na 1957 kwamba matokeo ya kosa hilo ni kubadilika kwa asidi amino moja tu katika mnyororo mzima wa beta. Minyororo yenye kosa hilo, ikishaachia oksijeni, hunatana na kujenga nyuzi ndefu ngumu zinazoikunja chembe nyekundu. Chembe zilizokunjika huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu, kiharusi kwa watoto wadogo, bandama inayokufa polepole na upungufu wa damu usiokwisha.

Mnyororo wa gama hauna kosa hilo. Zaidi ya hapo, himoglobini F ikiwa nyingi ndani ya chembe huzivuruga zile nyuzi zisijengeke. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aligundua kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi selimundu ina chembe chache sana zilizokunjika, na akapendekeza kuwa himoglobini ya tumboni ndiyo inayowalinda. Alisema hivyo kabla muundo wa DNA haujajulikana. Swali aliloliacha lilikuwa rahisi kuliuliza na gumu mno kulijibu: kwa nini mwili unaacha kuitengeneza?

Nani anaamua jeni ipi isomwe

Binadamu ana herufi za DNA zipatazo bilioni 3 katika kila nakala ya vinasaba vyake, na humo mna jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini inazo zote. Seli ya ubongo inazo zote. Jeni ya himoglobini imo ndani ya seli za kope za macho yako, lakini huko haitengenezi chochote. Kwa hiyo kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kufanya kazi ni jambo jingine. Ili protini ipatikane, jeni lazima kwanza inakiliwe kuwa RNA, na nakala hiyo ndiyo itakayotoka kwenye kiini cha seli kwenda kutumika. Kazi ya kunakili hufanywa na kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi.

Mwaka 1969 Robert Roeder, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu mjini Seattle chini ya William Rutter, alionyesha kwamba seli zenye kiini, yaani za wanyama, mimea na kuvu, zina polimerasi za aina tatu. Ya pili ndiyo inayonakili jeni za protini. Baadaye lilijitokeza jambo lililowashangaza wengi: ukiitenga polimerasi hiyo, ukaiweka kwenye chupa ya maabara pamoja na DNA, haijui jeni inaanzia wapi. Inatangatanga na kunakili ovyo. Iko kama meli kubwa ya mizigo iliyofika pwani isiyo na gati: ina nguvu zote za kufanya kazi, lakini haina mahali pa kufunga kamba. Promota ndiyo gati hiyo, na zinahitajika protini nyingine kuiongoza polimerasi hadi hapo na kuifunga.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya David Hogness pale Stanford, Marekani, ilibainika kwamba jeni nyingi zilizochunguzwa zilikuwa na mfuatano wa herufi unaofanana, T-A-T-A na nyingine chache, kiasi cha herufi 25 hadi 30 kabla ya mahali unakili unapoanzia. Mfuatano huo huitwa kisanduku cha TATA. Kuna protini inayoutambua, huukalia na kuipinda DNA karibu nyuzi 80, mpindo mkali unaoonekana waziwazi kwenye picha za maumbo ya molekuli. Mpindo huo huwa alama kwa protini nyingine, ambazo huja moja baada ya nyingine hadi polimerasi inapowekwa mahali pake. Kisha mojawapo ya protini hizo hutumia nishati ya seli kuitenganisha mikanda miwili ya DNA, na kunakili kunaanza. Hata baada ya kuanza, mara nyingi polimerasi husimama baada ya herufi chache na kungoja ruhusa nyingine kabla ya kuendelea. Seli haiharakishi jambo hili, na nadhani ina haki. Jeni ikisomwa pasipostahili, matokeo yanaweza kuwa saratani.

Promota nyingi za binadamu hazina kisanduku cha TATA; zina njia nyingine za kuiita polimerasi. Lakini jeni za himoglobini zinacho, na uzito wa herufi hizo chache ulionekana mwaka 1984, watafiti walipoeleza kuhusu Wamarekani Weusi wenye talasemia isiyo kali, yaani ugonjwa wa kutengeneza himoglobini pungufu. Jeni yao ya beta ilikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kosa lilikuwa herufi moja ndani ya kisanduku cha TATA, herufi 29 kabla ya mwanzo wa jeni. Protini iliyotengenezwa ilikuwa nzuri, ila ilikuwa kidogo.

Juu ya kisanduku hicho, mbali zaidi na mwanzo wa jeni, promota ina vituo vingine vifupi vya herufi, na kila kituo kina protini yake. Promota ya beta ina kituo cha protini iitwayo KLF1, inayopatikana kwenye seli zinazokua kuwa chembe nyekundu. Protini nyingine, GATA1, nayo hutawala jeni nyingi za chembe hizo. Hapa ndipo linapojibiwa lile swali la kope za macho. Seli ya kope haina GATA1 wala KLF1, na DNA yake katika eneo la himoglobini imezongwazongwa kwenye protini za histoni hata polimerasi haiwezi kuifikia. Herufi kama 147 huzungushwa kwenye kila kifurushi cha histoni, na alama za kikemia zinazobandikwa kwenye histoni au kwenye DNA yenyewe huamua kama kifurushi kitalegea au kitabana.

Kuna mfano mmoja wa Afrika ambao huwa naona haupewi nafasi inayostahili. Vimelea vya malaria aina ya vivax hutumia protini iitwayo Duffy, iliyoko juu ya chembe nyekundu, kujipenyeza ndani. Karibu watu wote wa Afrika Magharibi na ya Kati, na wengi mno huku kwetu, hawana protini hiyo kwenye chembe zao, na ndiyo sababu kubwa ya vivax kuwa adimu kwenye maeneo hayo. Mwaka 1995 timu ya Paris, akiwemo Jean-Pierre Cartron, ilionyesha kwamba jeni yao ya Duffy ni nzima. Herufi moja ndani ya promota, mahali GATA1 inapokaa, imebadilika. GATA1 haipati pa kushika, na jeni hainakiliwi kwenye chembe nyekundu. Kwenye kuta za mishipa ya damu, ambako promota hiyo hutegemea protini nyingine, Duffy hutengenezwa kama kawaida. Herufi moja imezima jeni kwenye seli za aina moja na kuiacha ikiwaka kwenye nyingine. Kosa ndani ya jeni yenyewe lisingeweza kuwa na upole wa namna hiyo.

Mkono kutoka mbali

Promota pekee haitoshi. Mwaka 1981, mjini Zurich, kundi la Walter Schaffner lilionyesha kwamba kuna vipande vya DNA vinavyoweza kuongeza usomaji wa jeni hata vikiwa mbali nayo, vikiwa mbele au nyuma, vimeelekea huku au kule. Huitwa enhansa. Jeni za himoglobini zilitoa mfano mkubwa kuliko yote. Mwaka 1983 ilielezwa hali ya familia moja ya Uholanzi ambayo jeni yake ya beta ilikuwa kamili pamoja na promota yake, lakini haikufanya kazi kabisa. Kilichopotea kilikuwa kipande cha DNA kilichoko mbali sana nayo. Mwaka 1987 Frank Grosveld na wenzake jijini London walionyesha kilichokuwa kwenye eneo hilo la mbali: kundi la vipande vya kuongezea nguvu ambalo sasa hujulikana kwa kifupi kama LCR.

LCR hufanya kazi kwa DNA kujikunja hadi eneo hilo la mbali liguse promota. Na ina wateja kadhaa. Jeni za himoglobini zimepangwa kwenye kromosomu 11 kwa utaratibu ule ule zinavyotumika maishani: kwanza ile ya kiinitete, kisha gama mbili, mwishoni delta na beta. LCR iko upande wa mwanzo wa safu hiyo. Ikiigusa promota ya gama, gama inasomwa. Ikiigusa ya beta, beta inasomwa. Baada ya kuzaliwa, promota za gama hufungwa, na nguvu yote huhamia kwa beta. Kwa mtoto mwenye vinasaba vya kawaida, uhamisho huo hauna madhara yoyote. Kwa mwenye selimundu ni kuondolewa kwenye himoglobini nzuri na kupelekwa kwenye mbovu.

Damu iliyotoa jibu

Kuna watu ambao uhamisho huo haukamiliki. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha utafiti kuhusu mtawanyiko wa selimundu nchini Uganda, wakionyesha kuwa kwa Baamba wa Bwamba, chini ya milima ya Rwenzori, karibu watu 45 kati ya 100 walibeba jeni moja ya ugonjwa huo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu mwaka 1954: mwenye jeni moja hulindwa dhidi ya malaria kali. Katika kupima damu nyingi namna hiyo ndipo madaktari wa Afrika walipokutana na jambo la ajabu. Ripoti ilitoka Ghana mwaka 1955, kisha mwaka 1958 G. F. Jacob na Raper wakaandika kutoka Uganda kuhusu familia ambamo watu wazima wenye afya waliendelea kutengeneza himoglobini F kwa wingi. Waliorithi hali hiyo pamoja na jeni ya selimundu hawakuugua kama wenzao.

Watu wale walikuwa wamebeba jibu la swali la Janet Watson, ingawa ilichukua miaka mingi kulisoma. Baadhi ya familia za namna hiyo zimepoteza vipande virefu vya DNA. Lakini wengine, jeni zao zote zipo. Kilichobadilika ni herufi moja tu katika promota ya gama. Francis Collins, ambaye baadaye aliongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu, alichapisha mwaka 1984 mabadiliko ya namna hiyo kwa watu wenye asili ya Afrika, kwenye herufi ya 202 kabla ya mwanzo wa jeni. Mwaka uliofuata yakaelezwa mengine kwa Wagiriki, kwenye herufi ya 117. Mwaka 1988 yakaelezwa ya watu wenye asili ya Afrika waliopungukiwa herufi 13, kuanzia ya 114 hadi ya 102. Ukiyapanga yote, yanaangukia sehemu mbili: karibu na herufi ya 200, na karibu na ya 115.

Hapo ndipo penye uzito wa suala zima. Mabadiliko yanayoharibu herufi huwa yanapunguza kitu. Haya yalikuwa yanaongeza. Maana yake ni kwamba sehemu hizo mbili zilikuwa makao ya vizuizi, na kuviharibu kulikuwa kuvifukuza. Lakini ni vizuizi gani? Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeweza kuvitaja kwa uhakika.

Fununu ilitoka kwenye kromosomu tofauti kabisa. Swee Lay Thein na Stephan Menzel, wakiwa King's College London, walilinganisha vinasaba vya watu wenye himoglobini F nyingi na wenye kidogo, na mwaka 2007 wakaielekeza dunia kwenye jeni iliyoko kromosomu namba 2, iitwayo BCL11A. Utafiti wa Sardinia, Italia, ukaifikia jeni hiyo hiyo. Mwaka 2008, mjini Boston, Vijay Sankaran na Stuart Orkin walionyesha kwamba BCL11A hutengeneza protini inayoinyamazisha gama. Ukiipunguza, gama inarudi. Muhimbili ya Dar es Salaam nayo imo kwenye historia hii. Mwaka 2011 Julie Makani na wenzake walichapisha utafiti juu ya vinasaba vinavyotawala himoglobini F kwa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, kwa kutumia damu ya wagonjwa wanaohudhuria kliniki ya Dar es Salaam. Bila kazi kama hiyo, mambo yaliyogunduliwa kwa Wazungu yangebaki kukisiwa tu kwa Waafrika, ambao ndio wenye ugonjwa.

Mwaka 2018 duara lilifungika. Kundi la Merlin Crossley la Sydney na kundi la Orkin la Boston walionyesha kwamba BCL11A hukaa kwenye herufi TGACCA katika promota ya gama, karibu na ya 115. Kundi la Sydney lilionyesha pia kuwa kizuizi kingine, ZBTB7A, hukaa karibu na herufi ya 200. Mabadiliko yaliyopatikana kwa Wagiriki na kwa wenye asili ya Afrika yalikuwa yameharibu viti hivyo hivyo.

Wasomaji wa Muscat na Dammam nao wana sehemu yao humu. Wagonjwa wengi wa selimundu wa mashariki mwa Saudi Arabia, kule Qatif na Al-Hasa, huwa na himoglobini F nyingi kuliko wa Afrika, na ugonjwa wao mara nyingi si mkali kiasi kile. Jeni yao ya selimundu imerithiwa pamoja na badiliko dogo katika promota ya gama mojawapo, kwenye herufi ya 158. Oman inakutanisha pande zote: wapo wenye aina hiyo ya Uarabuni na India, na wapo wenye aina iitwayo ya Kibantu, ambayo kwa kawaida huambatana na himoglobini F kidogo. Historia ya Unguja, Pemba na pwani nzima inasomeka katika damu yao.

Kuuzima mtambo bila kuuvunja

Ungedhani tiba ingekuwa kuiharibu BCL11A moja kwa moja. Haiwezekani, kwa sababu protini hiyo inahitajika kwenye ubongo unaokua na kwenye seli za kinga. Suluhisho lilitoka kwenye elimu ile ile ya promota na enhansa. Mwaka 2013 Daniel Bauer, Orkin na wenzao waligundua kwamba ndani ya jeni ya BCL11A kuna enhansa inayofanya kazi kwenye seli za chembe nyekundu peke yake. Ukiikata enhansa hiyo, BCL11A inapungua kwenye damu tu, na mahali pengine inaendelea kama kawaida. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika historia hii: tiba haigusi kosa la selimundu, haiigusi jeni ya gama, inagusa kidhibiti cha kizuizi chake.

Tiba hiyo inaitwa Casgevy, ya kampuni za Vertex na CRISPR Therapeutics. Seli shina za damu za mgonjwa huchukuliwa, huhaririwa maabara kwa CRISPR, mbinu iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, kisha hurudishwa mwilini. Victoria Gray wa Mississippi alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuipata nchini Marekani, mwaka 2019, na ameeleza hadharani jinsi maisha yake yalivyobadilika. Uingereza iliipa kibali mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi Desemba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kushikwa na maumivu makali.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania kwa mgonjwa mmoja. Na bei si kikwazo pekee. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wa zamani, hukaa hospitalini wiki kadhaa bila kinga, na huenda akapoteza uwezo wa kuzaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, na huko ndiko ujuzi na wodi za aina hiyo zinakojengeka. Lakini mwaka 2021 duniani walizaliwa watoto zaidi ya 500,000 wenye ugonjwa huu, zaidi ya robo tatu yao kusini mwa Sahara. Nchini Tanzania hukadiriwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Hakuna wodi za kuwapokea wote hao kwa tiba ya namna hiyo, na kuwaambia wazazi wasubiri CRISPR ni kuwaambia wazike.

Kuna dawa iliyopo, na inagusa jambo lile lile. Haidroksiurea ni kidonge cha zamani cha saratani kinachoongeza himoglobini F. Marekani ilikiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kukitumia Afrika, wakidhani kingewadhoofisha watoto wanaoishi kwenye malaria na utapiamlo. Utafiti uitwao REACH ulilijibu hilo. Ulifanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukiongozwa na watafiti akiwemo Léon Tshilolo wa Kinshasa, na watoto 606 wakapewa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yakipungua, kuongezewa damu kukipungua, vifo vikipungua, na malaria pia ikipungua.

Malaria pia. Hofu iliyowanyima watoto dawa ilikuwa imeelekea upande usio wake. Baada ya matokeo hayo, naona ni kosa kubwa la sera ya afya mtoto wa Kiafrika mwenye selimundu kukosa kidonge hiki kwa sababu duka la dawa la wilaya halina, au kwa sababu mzazi analipia mfukoni dawa ya maisha yote. Na kwa kuwa promota za gama hazifungwi siku ya kuzaliwa bali polepole katika miezi inayofuata, upo muda wa kutangulia. Tone la damu ya kisigino likipimwa wiki za mwanzo, mtoto anaweza kuanzishiwa penisilini ya kuzuia maambukizi kabla ya bandama kuharibika, na mpango wa haidroksiurea ukawekwa mapema. Kipimo hicho hakihitaji mashine za Boston.

Maabara nazo zinaendelea. Kampuni ya Beam Therapeutics inajaribu mbinu ya kubadili herufi moja moja katika promota ya gama yenyewe, bila kuikata DNA vipande viwili, ili kuiga mabadiliko ambayo baadhi ya familia zile zenye himoglobini F nyingi zilizaliwa nayo. Kwetu sisi lakini, habari ya kufuatilia zaidi ni ya vidonge. Mwaka 2024 watafiti wa Novartis walichapisha kazi juu ya kizuizi kingine cha gama, protini iitwayo WIZ, na molekuli ndogo inayomezwa ambayo huifanya seli iiharibu WIZ yenyewe. Katika wanyama wa maabara, wakiwemo nyani, himoglobini F ilipanda. Kidonge hakihitaji kuua uboho, hakihitaji wodi ya kutengwa, na kinaweza kufika zahanati ya Kisarawe au Bunia kama dawa nyingine zinavyofika.

Kutoka kwa mnyama hadi kwa mgonjwa ni mbali, na molekuli nyingi huishia njiani. Ila majaribio ya vidonge vya namna hii yatakapopanuliwa kwa binadamu, Kilifi, Mbale, Kinshasa na Muhimbili hawana haja ya kungojea zamu ya mwisho. Wana wagonjwa, wana madaktari waliokwishaendesha utafiti mkubwa kwa mafanikio, na wana kumbukumbu za miaka mingi za himoglobini F ya watu wao. Wizara zetu za afya zinaweza kulidai hilo sasa, kampuni zikiwa bado zinachora ramani ya vituo vyao.